Kisomaji Kidogo Kikae Wapi? Majibu ya Makohozi na Mfumo wa Kompyuta

Utangulizi

Mchimbaji mdogo wa dhahabu kutoka Segese alifika kliniki yetu akiwa amekonda, anakohoa na kutokwa na jasho jingi usiku. Alipoulizwa kama amewahi kupimwa makohozi, alijibu kwamba alipimwa katika kituo kimoja cha afya wiki saba zilizotangulia, akaambiwa kuwa kompyuta haina majibu yake. Alichukulia kuwa maana yake ni kwamba hana ugonjwa. Akarudi kwenye duara na kuendelea kushuka chini pamoja na wenzake watano, katika shimo lenye hewa finyu na vumbi la mawe.

Tulipofuatilia, tulipata karatasi iliyotolewa na mashine siku ileile aliyopimwa. Majibu yalikuwapo. Mashine ilikuwa imeona vimelea vya kifua kikuu kwa kiwango kidogo mno, nayo iliandika hivyo kwa neno ambalo kompyuta ya kituo haikufundishwa. Kwa kutolijua neno hilo, kompyuta iliacha nafasi tupu. Makohozi mapya yalithibitisha ugonjwa, na mgonjwa akaanza dawa siku hiyo. Wenzake watano tuliwatafuta; wawili walikuwa wamekwisha kuhamia rashi nyingine, nasi hatukuwapata.

Katika mkasa huu ni vigumu kumnyooshea mtu kidole. Mteknolojia wa maabara alipima ipasavyo, mashine ilijibu kwa usahihi, na mtoa huduma alisoma kile alichokiona kwenye kioo. Kosa lilijificha ndani ya kipande kidogo cha programu ambacho kazi yake ni kusoma maandishi ya mashine. Makala hii inaeleza kipande hicho ni kitu gani, na kwa nini mahali kinapowekwa ndani ya mfumo ni suala la kitabibu, wala si la mafundi wa kompyuta peke yao.

Mashine huandika nini?

Mashine ya GeneXpert hutafuta vinasaba vya vimelea vya kifua kikuu ndani ya makohozi, na papo hapo huchunguza kama vimelea hivyo vina usugu dhidi ya dawa ya rifampisini. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo hiki Desemba 2010. Machi 2017 likapendekeza toleo jipya liitwalo Ultra, ambalo huweza kuona vimelea vichache zaidi: takriban 16 katika mililita moja ya makohozi, ilhali toleo la awali lilihitaji takriban 113. Kwa watu wenye vimelea vichache, wakiwemo watoto na watu wanaoishi na VVU, tofauti hiyo ni kubwa.

Majibu huandikwa kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi zenye mpangilio maalumu. Mtu asiye na vimelea huandikiwa "MTB NOT DETECTED", yaani vimelea havikuonekana. Mtu mwenye vimelea visivyo na usugu huandikiwa, kwa mfano, "MTB DETECTED LOW, Rif Resistance NOT DETECTED", yaani vimelea vimeonekana kwa kiwango cha chini, na usugu haukuonekana.

Tazama sentensi hizo mbili kwa makini. Ya pili ni ya mtu mgonjwa, lakini ndani yake yamo maneno "NOT DETECTED", yaleyale yanayomtambulisha asiye mgonjwa. Fundi akiiagiza kompyuta itafute maneno "NOT DETECTED" popote yalipo na kuandika "hana kifua kikuu", basi kila mgonjwa ambaye vimelea vyake havina usugu, na hao ndio walio wengi, ataambiwa kuwa ni mzima. Akiiagiza kinyume chake, itafute neno "DETECTED" na kuandika "ana kifua kikuu", basi wazima wote watahesabiwa kuwa wagonjwa, kwa kuwa neno hilo limo pia ndani ya "NOT DETECTED". Njia zote mbili huonekana nyepesi, na zote mbili ni za hatari.

Toleo la Ultra lilileta neno jingine, "Trace", yaani chembe tu. Hapo mashine imeona alama za vimelea, lakini ni chache mno kiasi cha kutoweza kuchunguza usugu. Hivyo sehemu ya pili ya jibu huandikwa "INDETERMINATE", yaani haikuweza kubainika. Jibu hili lina maana yake ya kitabibu. Kwa mtoto, kwa mtu anayeishi na VVU, na kwa sampuli isiyotoka mapafuni, huhesabiwa kuwa ugonjwa upo. Kwa mtu mzima asiye katika makundi hayo, sampuli mpya hupimwa tena. Kwa aliyetibiwa kifua kikuu miaka ya karibuni, uangalifu zaidi unahitajika, kwani mabaki ya vimelea vilivyokufa yaweza kuonekana. Kwa hali yoyote, jibu hilo si nafasi tupu.

Kisomaji ni nini?

Kipande cha programu kinachopokea maandishi kama hayo na kuyageuza kuwa taarifa ambayo kompyuta inaielewa, wataalamu hukiita kichanganuzi. Katika makala hii tutakiita kisomaji, kwa kuwa kusoma ndiyo kazi yake. Hupokea sentensi, huikata vipande, hutambua kuwa kipande hiki chahusu vimelea na kile chahusu usugu, kisha hutoa majibu mawili yaliyotenganishwa. Ni kitu kidogo. Fundi hodari aweza kukiandika kwa siku chache.

Mfumo mzima wa hospitali, kwa upande mwingine, ni kitu kikubwa. Una sehemu ya mapokezi, ya daktari, ya maabara, ya famasi, ya ripoti za MTUHA, na ya kutuma ujumbe wa simu kwa mgonjwa. Sehemu hizi zote husimama juu ya kiunzi kimoja, kama vile paa, kuta na milango ya nyumba vinavyoshikwa na nguzo na boriti. Swali letu basi ni hili: kisomaji kidogo kikae wapi katika nyumba hii kubwa?

Tuseme bibi mmoja, asemaye Kisukuma pekee, anafika kituoni, na watoa huduma aliowakuta hawakijui Kisukuma. Ni nani atamfasiria, naye akae wapi? Twaweza kuweka mkalimani katika kila chumba. Twaweza kuagiza kuwa mganga mfawidhi mwenyewe ndiye awe mkalimani wa kituo kizima. Twaweza pia kumweka mkalimani mmoja mlangoni, anayesikiliza mara moja, anaandika maelezo ya bibi kwa Kiswahili, na karatasi hiyo ndiyo inayozunguka naye vyumbani. Kila uamuzi una faida na gharama zake, na ndivyo ilivyo kwa kisomaji.

Mahali patatu panapowezekana

Mahali pa kwanza ni ndani ya kila sehemu inayohitaji majibu. Fundi wa dirisha la daktari anaandika kisomaji chake, fundi wa ripoti anaandika chake, na fundi wa ujumbe wa simu chake. Faida ni wepesi: hakuna anayemsubiri mwenzake. Hasara huonekana siku lugha ya mashine inapobadilika. Neno "Trace" lilipoingia, visomaji vyote vilipaswa kurekebishwa. Kimoja kikisahauliwa, daktari ataona jibu sahihi, ripoti ya mwezi itaonyesha jingine, na mgonjwa atapokea ujumbe wa tatu. Hitilafu ya namna hii ni ngumu kugundua, kwa sababu kila chumba kinajiona kiko sawa.

Mahali pa pili ni katika moyo wa kiunzi chenyewe. Hapa kisomaji ni kimoja, kinahifadhiwa na wataalamu waliobobea, na kila sehemu inakitumia. Hoja hii ina nguvu, na wengi huipenda. Lakini moyo wa mfumo hutumiwa na watu wengi wenye mahitaji tofauti. Chukua mfano wa DHIS2, programu ambayo juu yake zimejengwa taarifa za MTUHA nchini Tanzania. Moyo wake unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, nao unatumika katika nchi nyingi. Kama tungeweka ndani ya moyo huo kisomaji cha maneno ya mashine moja ya makohozi, basi kila neno jipya lingemlazimu mtu wa Kahama asubiri toleo jipya kutoka ng'ambo, kisha asubiri tena hadi toleo hilo lisimikwe nchini. Zaidi ya hayo, moyo ungezidi kunenepa kwa lugha za mashine za kila aina, na badiliko dogo la maabara lingelazimu kugusa kitu ambacho kila mtu anakitegemea. Hakuna mhandisi anayetaka kuchokonoa nguzo ya nyumba kwa ajili ya kubadilisha kitasa.

Mahali pa tatu ni mlangoni: kati ya mashine na mfumo, nje ya moyo, lakini kabla ya chumba chochote. Kisomaji kinakuwa kimoja, kinapokea maneno ya mashine, na kupitisha ndani maana peke yake. Vyumba vya ndani havijui mashine iliandika nini. Vinajua tu kwamba vimelea vimeonekana, havikuonekana, au vimeonekana kwa chembe, na kwamba usugu upo, haupo, au haukubainika. Neno likibadilika, hurekebishwa mahali pamoja, bila kugusa nguzo.

Maswali ya kuamulia

Kwa maoni yangu, mahali pa tatu ndipo panapofaa kwa taarifa zinazogusa uhai wa mtu. Sikulifikia jambo hili kwa kupenda mtindo fulani wa uhandisi. Nimelifikia kwa kuuliza maswali matatu.

Swali la kwanza: maandishi yakibadilika, ni nani atakayejua mapema? Kwa mashine ya makohozi, atakayejua kwanza ni maabara, kwa kuwa ndiyo inayopokea vifaa vya toleo jipya. Kisomaji basi yapasa kukaa karibu na maabara, mahali ambapo mwenye kujua badiliko anaweza kumfikia mwenye kulirekebisha.

Swali la pili: kisomaji kikikosea, kosa litafika wapi kabla ya kuonekana? Kosa la mlangoni laweza kuzuiliwa mlangoni, mtu akapigiwa simu. Kosa la chumbani huonekana tayari limekwisha kuwa ujumbe katika simu ya mgonjwa.

Swali la tatu: ni nani atabaki akikitunza? Kipande kisicho na mwenyewe hufa polepole, hata kikiandikwa kwa ustadi. Kabla ya kuamua kikae wapi, yafaa liandikwe jina la idara itakayokihudumia mwaka kesho na mwaka ule mwingine.

Wazo la mlangoni si geni katika ukanda wetu. Programu ya OpenHIM, ambayo ilianza kutumika nchini Rwanda katika kuunganisha mifumo ya afya, imejengwa kwa mgawanyo huo. Moyo wake hutambua anayeleta taarifa, huelekeza taarifa zinakokwenda na kutunza kumbukumbu za kilichopita. Kazi ya kugeuza lugha ya mfumo mmoja kuwa lugha ya mwingine imewekwa nje ya moyo, katika vipande vidogo viitwavyo wapatanishi, ambavyo vyaweza kuongezwa au kubadilishwa kimoja kimoja.

Hata kabla ya kompyuta, huduma ya kifua kikuu Tanzania ilikuwa na mlango wake. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanza mwaka 1977 na kunufaika na mchango mkubwa wa daktari Karel Styblo, uliweka mratibu katika kila wilaya. Kazi yake mojawapo ilikuwa kukusanya taarifa za vituo na kuziingiza katika rejista moja, kwa safu zilezile na tafsiri zilezile. Kituo hiki kingeweza kuwa na mwandiko mbaya na kile kikawa na vifupisho vyake, lakini maana ilisawazishwa na mtu mmoja kabla haijapanda juu. Utaratibu uliokuzwa hapa ndio uliochangia mkakati ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza duniani katika miaka ya 1990.

Uhuru wa kusema "sijaelewa"

Kumweka mkalimani mlangoni hakutoshi kama mkalimani huyo anaona haya kukiri asichokijua. Kisomaji cha kituo kile hakikusema uongo; kilinyamaza, na ukimya wake ukatafsiriwa kuwa ni uzima. Hilo ndilo somo kubwa la mkasa wa mchimbaji wetu.

Kisomaji kizuri chapaswa kuwa na matokeo ya aina tatu: nimesoma na nimeelewa; mashine yenyewe imeshindwa kupima; na nimepokea maandishi lakini sijayaelewa. Tokeo la tatu lisipelekwe kwa mgonjwa wala kuachwa wazi kwenye kioo. Litoe onyo kwa mteknolojia wa maabara, ambaye atasoma karatasi kwa macho yake na kuthibitisha. Pia maandishi asilia ya mashine yahifadhiwe pamoja na tafsiri yake, yasifutwe kamwe. Siku kosa litakapogundulika, tutaweza kurudi nyuma na kuwatafuta wote waliosomewa vibaya. Bila maandishi hayo, hatutajua hata idadi yao.

Si makohozi pekee

Tatizo hili lina ndugu wengi. Tarehe 03/04 ni siku ya tatu ya mwezi wa Aprili kwetu, lakini kwa programu iliyotengenezwa Marekani yaweza kuwa siku ya nne ya mwezi wa Machi. Muuguzi akiandika kuwa sampuli ilichukuliwa saa 2 asubuhi, na programu ikaandika 02:00 badala ya 08:00, sampuli hiyo itaonekana kuwa imekaa saa sita zaidi ya ukweli. Sukari ya 7 katika kipimo cha milimoli kwa lita ni sawa na 126 katika kipimo cha miligramu kwa desilita. Namba bila kipimo chake haina maana. Katika kila mfano, maswali ni yaleyale: nani anasoma, anasomea wapi, na akishindwa anamwambia nani?

Kwa watoa huduma

Nafasi tupu kwenye kioo isomwe kuwa ni jibu lisilojulikana, kamwe isisomwe kuwa ni "hana ugonjwa". Piga simu maabara au tazama karatasi ya mashine. Maabara inapopokea vifaa vya toleo jipya, mtaarifuni msimamizi wa mfumo wa kompyuta kabla ya sampuli ya kwanza kupimwa, na jaribuni sentensi zote zinazoweza kutolewa, zikiwemo zile za nadra. Fundi anapowaletea mfumo mpya, muulizeni: maandishi ya mashine yanasomwa mahali pangapi? Akijibu kuwa ni pengi, ombeni maelezo zaidi. Msione haya kuuliza; ninyi ndio mtakaomtazama mgonjwa usoni.

Kwa wagonjwa na familia zao

Ndugu msomaji, ukipimwa makohozi una haki ya kuelezwa majibu kwa maneno unayoyaelewa. Uliza mambo mawili: je, vimelea vimeonekana? Na je, dawa za kawaida zitavifaa? Ukiambiwa kuwa kompyuta haina majibu, hilo si jibu. Omba karatasi ya maabara itazamwe, au urudi siku utakayopangiwa. Kwa ninyi mnaofanya kazi kwenye maduara, makarasha na mialo, vumbi la mawe huumiza mapafu na huongeza hatari ya kifua kikuu. Mnapohama kufuata rashi nyingine, acheni kituoni namba ya simu inayopatikana pamoja na jina la mahali mnapokwenda, ili majibu yakichelewa yawafikie. Kifua kikuu kisicho na usugu hutibika kwa dawa za miezi sita zikimezwa kwa ukamilifu.

Hitimisho

Kisomaji ni kitu kidogo, na kwa sababu ya udogo wake huwekwa popote palipo karibu na mkono wa fundi. Tumeona gharama yake. Kiwe kimoja, kikae mlangoni karibu na wanaoijua mashine, kitunze maandishi asilia, na kiwe huru kukiri kuwa hakijaelewa. Moyo wa mfumo uachiwe kazi ya kubeba maana, nasi tubaki na kazi yetu ya kutibu. Yule mchimbaji wa Segese amekamilisha dawa zake. Wenzake wawili tungali tunawatafuta.